Jina moja, mistari mitatu: somo la baze de done tulilofundishwa na lile tulilonyimwa



Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja wa agronomia alinitumia silabusi yake ya "Utangulizi wa baze de done" ili nimsaidie kujitayarisha kwa mtihani. Nikaifungua, nikacheka kidogo, halafu nikanyamaza. Ilikuwa ileile. Kurasa zilezile tulizopiga fotokopi sisi wakati wetu, na mfano uleule: kuna mteja anaitwa Dupont, anaagiza viti 6 na meza 1, na mwanafunzi anaombwa kuchora jedwali la wateja, jedwali la bidhaa na jedwali la maagizo. Miaka yote hii Dupont bado anangoja viti vyake.

Sitataja chuo wala mwalimu. Silabusi hii haina mwenyewe, inatembea toka flashi moja kwenda nyingine, na nafikiri wengi wenu mnaijua hata kama hamkusoma mahali pamoja nami. Ila nataka kuihakiki hapa sawa vile watu wanavyohakiki kitabu. Kwa nini nipoteze muda wenu na silabusi ya kurasa arobaini? Kwa sababu wengi wetu, tukisha kupata lisanse, kazi ya kwanza tunayopewa si kulima wala kufundisha. Ni kushika listi. Listi ya wanufaika, ya wanachama wa koperative, ya wagonjwa, ya mashamba. Na listi ikishikwa vibaya, kuna mtu analala njaa.

Nianze na mazuri, ili nisionekane mchokozi. Silabusi inaeleza sawasawa kwamba baze de done, au hifadhidata kwa Kiswahili cha vitabu, si fishie yoyote yenye majina ndani. Ni data zilizopangwa kwa kufuata sheria, na juu yake kuna programu inayozilinda. Programu hiyo inakaa kati ya watu na data kama mlinzi wa depo: hakuna anayeingia mwenyewe kuchukua mfuko, unamwomba yeye, anaangalia kama una ruhusa, anakupa, anaandika. Watu kumi wanaweza kumwomba kwa wakati mmoja na asichanganye. Umeme ukikatika katikati ya kazi, anajua kipi kilimalizika na kipi hakikumalizika. Fikiria unatuma dola 20 kwa M-Pesa: ama zimetoka kwako na kuingia kwa mwenzako, ama hazikutoka kabisa. Hakuna katikati. Kanuni hiyo ya "yote au hakuna" njo moyo wa kazi, na silabusi inaisema vizuri.

Inasema pia historia, kwa haraka. Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi kwa IBM huko California, aliandika makala akipendekeza kwamba data zikae katika majedwali mepesi, na mtumiaji asilazimike kujua mashine imezificha wapi. Mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce, nao wa IBM, wakatoa lugha ya kuuliza majedwali hayo, ile iliyokuja kuitwa SQL. Wazo kubwa la Codd ukiliweka kwa maneno ya shambani ni hili: kila jambo liandikwe mahali pamoja tu, na mahali pengine pote palielekeze. Ukiandika kijiji cha mama fulani katika listi tano, siku akihama utasahihisha listi tatu na kusahau mbili. Sasa una mama mmoja anayekaa vijiji viwili.

Hapo nakubali. Ugomvi wangu unaanza pale silabusi inapoacha kusema.

Kosa la kwanza: inaanza na vidude. Ukurasa wa tatu tayari tuko ndani ya Access, bonyeza hapa, chagua pale. Hakuna mahali mwanafunzi anaulizwa: listi hii ni ya kujibu swali gani? Na nani ataumia jibu likiwa la uongo? Matokeo yake tunatoka tukijua kutengeneza jedwali la Dupont, na hatujui kuandika jina la mama yetu mwenyewe.

Mimi nililipa ada ya ujinga huo, au tuseme ukweli, mwingine alinilipia. Mwaka wangu wa kwanza baada ya masomo nilipata kazi ya kuandikisha kaya kwa ajili ya ugawaji wa mbegu za maharagi, msimu A, katika vijiji vya upande wa Walungu. Shirika sitalitaja. Tulikuwa waandikishaji watatu, na kila mmoja alikuwa na fishie yake ya Excel. Mama mmoja mjane nilimwandika mimi mwenyewe, chini ya mgomba wake, nikitumia jina la baba yake. Mwenzangu alimkuta sokoni, akamwandika kwa jina la marehemu mume wake. Wa tatu alipata jina lake toka kwa shefu wa kijiji, akaliandika kwa herufi alizosikia. Jina moja, mistari mitatu. Namba ya simu ilikuwa moja tu, ya kijana wake, imerudi mara tatu.

Fishie zilipounganishwa ofisini Bukavu, mtu akaona namba ile inarudi mara tatu. Akasema: huyu ni mjanja, anataka kula mara tatu. Na kwa vile kulikuwa na kaya nyingi za namna hiyo, uamuzi ukawa kufuta mistari yote yenye namba iliyorudi. Si kubakisha mmoja. Yote.

Siku ya ugawaji mama alifika asubuhi na mapema na mfuko wake umekunjwa kwapani. Nikatafuta toka juu mpaka chini. "Mama, jina yako haiko kwa liste." Akaniangalia. "Mwanangu, si weye njo uliniandika na mukono yako?" Sikuwa na jibu. Akangoja mpaka saa nane, akafikiri labda mwishoni kutabakia kitu. Hakikubakia. Akarudi nyumbani na mfuko umekunjwa vilevile.

Hakuna mwizi katika hadithi hii. Kuna vijana watatu wenye diploma na lisanse ambao hawakujua kitu kimoja tu: ufunguo.

Na hapo njo kosa la pili. Silabusi inasema kila jedwali lazima liwe na ufunguo wa msingi, yaani kitambulisho kisichofanana kwa watu wawili na kisichobadilika. Kwa Dupont wanaweka "namba ya mteja: 1" na wanaendelea. Kana kwamba namba inaanguka toka mbinguni! Kwetu swali la ufunguo njo somo lenyewe. Je, mtu huyu ninayemwandika leo ni yuleyule niliyemwandika jana?

Angalieni ugumu. Toka 1972, Mobutu alipokataza majina ya kikristo, sisi Wakongo tuna jina, jina la baada, na wengi tukarudisha jina la ubatizo baadaye. Vipande vitatu. Programu nyingi zimetengenezwa na watu wenye vipande viwili, kwa hiyo kila mwandishi anaamua mwenyewe kipi kinaingia wapi. Mwanamke wa Kishi anaweza kuandikwa kwa jina la baba yake likiwa na M' mbele, kanisani akaitwa kwa jina la ubatizo, kijijini akaitwa Mama Fulani kwa jina la mtoto wa kwanza. Tahajia nayo: Cizungu, Chizungu, Tshizungu, wote ni mtu mmoja kutegemea kama aliyeandika alisoma kwa Wapadri, alisoma Kiswahili au alitoka Kasai. Tarehe ya kuzaliwa? Wazee wengi wanajua mwaka tu, basi sote tunaandika tarehe 1 mwezi wa 1. Fungua listi yoyote ya kijiji uone ni wangapi walizaliwa siku ya mwaka mpya.

Na kuna kidude kidogo ambacho kingefaa kuwa ukurasa mzima wa silabusi ya Bukavu. Ile alama iliyo katika M' ni alama ambayo SQL inatumia kufungua na kufunga maneno. Programu iliyotengenezwa vibaya ikikutana na jina kama M'Cizungu inafikiri neno limeisha kwenye M, inakwama au inatoa kosa. Kinga yake inajulikana siku nyingi: programu isibandike jina moja kwa moja ndani ya swali la SQL, ilipitishe pembeni kama thamani. Somo hilo linafundishwa duniani kote kama kinga dhidi ya wadukuzi. Kwetu ni kinga ya mabinti wa Bushi wasifutwe na mashine. Mwandishi asiyejua hilo anafanya nini? Anaondoa ile alama. Leo ameandika MCizungu, kesho M Cizungu, na mama amekuwa watu wawili.

Mtasema haya ni mambo madogo ya vijijini. Hapana, nchi nzima iko ndani. Sensa yetu kubwa ya mwisho ni ya 1984. Kwa miaka mingi kadi ya mpigakura njo imekuwa kitambulisho chetu, maana yake listi ya uchaguzi njo imekuwa karibu baze pekee ya Wakongo watu wazima. Mwaka 2018 CENI ilitangaza wapigakura zaidi ya milioni 40 baada ya kuondoa zaidi ya milioni 5 walioandikwa zaidi ya mara moja. Kisha wakaguzi wa Shirika la nchi zinazozungumza Kifaransa wakaonyesha kwamba asilimia 16.6 ya walioandikwa hawakuwa na alama za vidole ndani ya fishie. Nchi ikagawanyika: huyu anasema ni mizimu, yule anasema ni mashine zilizoshindwa kusoma vidole. Mimi sitafungua tena ugomvi wa siasa hapa. Naonyesha tu kwamba ugomvi ule kwa kiufundi ulikuwa wa ufunguo. Kidole njo kilichagua kama mistari miwili ni mtu mmoja au wawili. Kidole kikikosekana, kila upande unajaza nafasi na imani yake.

Na Mei 2023, maji na matope yaliposhuka Bushushu na Nyamukubi kule Kalehe na kuua watu zaidi ya 400, swali gumu kuliko yote lilikuwa idadi ya waliopotea. Ilikuwa siku ya soko Nyamukubi, watu walitoka sehemu nyingine. Huwezi kusema nani hayupo kama hukuwahi kuandika nani alikuwepo. Familia zilibakia na hesabu za kukisia, na maiti zilizikwa bila majina.

Kosa la tatu: silabusi inafanya mwanafunzi aamini kwamba kilichoingia ndani ya baze ni kweli. Baze inaweza kukagua mambo fulani. Mfano mzuri ninaoujua ni wa sekta ya afya. Wizara yetu inatumia DHIS2, programu iliyozaliwa Afrika Kusini baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, ikakuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na leo inatumika katika nchi zaidi ya 70. Kila mwezi santre za afya zinajaza karatasi, zoni ya afya inaingiza tarakimu. Kivu ya Kusini tuna zoni 34. Ndani ya programu hiyo kunawekwa sheria: kwa mfano, watoto waliopata dozi ya tatu ya Penta wakizidi waliopata ya kwanza, programu inatoa onyo. Silabusi ingechukua mfano huo mmoja, ingefundisha zaidi kuliko Dupont na viti vyake vyote.

Lakini onyo la mashine linaishia mlangoni. Infirmiye akiandika 40 na 38, mashine itafurahi hata kama ukweli ni 25 na 12. Na hapa tuna mfano mchungu zaidi, wa madini. Toka mwanzo wa miaka ya 2010 mifuko ya kasiterite na koltani inafungwa na kitambulisho chenye namba, chini ya mpango wa ITSCI, ili namba iseme mfuko umetoka shimo gani. Kwenye karatasi ni baze nzuri: kila mfuko una ufunguo wake. Mwaka 2022 shirika la Global Witness likatoa ripoti likisema kwamba vitambulisho vilikuwa vinafungwa kwenye madini ya mashimo mengine, ITSCI wakakanusha. Yeyote utakayemwamini, somo linabakia. Namba haijui ilifungiwa wapi. Inajua kile mkono ulichoandika. Baze iliyopangika vizuri inaweza kuosha uongo mpaka ung'ae, ju watu wanaheshimu jedwali kuliko wanavyoheshimu daftari chafu.

Kwa hiyo kila baze ingekuwa na mguu shambani: mtu anayechukua mistari 20 kati ya 1,000, anapanda pikipiki, anaenda kuangalia kama shamba lipo, kama mwenye jina yuko hai. Sisi wanaagronomia tumefundishwa kuchukua sampuli za udongo. Kwa nini hatuchukui sampuli za listi?

Kosa la nne, na kwangu njo kubwa kiuchumi: silabusi haiulizi baze ni ya nani. Tuchukue kahawa, ju ni kitu chetu. Koperative za Kalehe, Idjwi na Kabare zinazouza kahawa yenye cheti lazima ziwe na listi ya wakulima, mashamba yao, idadi ya miti, makadirio ya mavuno. Mkulima wa miti 200 akileta mzigo wa mtu mwenye miti 2,000, jedwali linatakiwa kupiga kelele. Sasa Ulaya imeongeza: kanuni yao namba 2023/1115 inataka kahawa inayoingia kwao iwe na alama ya mahali shamba lilipo, ili waone haikutoka kwenye msitu uliokatwa baada ya 2020. Shamba la chini ya hektari 4 linahitaji nukta moja, longitudo na latitudo, tarakimu 6 baada ya alama ya desimali. Zaidi ya hapo unatakiwa mpaka wote. Tarehe ya kuanza imekuwa ikisogezwa mbele, lakini wanunuzi wameanza kuuliza toka zamani.

Nani anapima nukta hizo? Mara nyingi ni mradi, au mnunuzi mwenyewe, kwa simu na programu yake, na data zinaenda kwenye seva yake. Mkulima ametoa jina, picha na shamba. Koperative imetoa vijana wa kumwonyesha njia. Mwisho wa mwaka mradi unafunga, na koperative inabakia na ripoti ya PDF. Akija mnunuzi mwingine mwenye bei nzuri, koperative haina nukta za kumpa. Inaanza upya, au inabakia na yule wa kwanza kwa bei anayotaka. Zamani mkulima wetu alifungwa na deni la mbolea. Kesho atafungwa na longitudo.

Jambo lilelile liko kwa KoboToolbox, ambayo sote tunaitumia. Ni chombo kizuri: inafanya kazi bila mtandao, unatuma ukifika mahali pa rezo. Lakini nimesikia mara nyingi mashirika yetu yakisema "sisi tuna baze, tuna Kobo". Hapana, ndugu. Fomu za Kobo zinakusanya majibu. Ukifanya anketi tano bila kupanga ufunguo mmoja unaopita zote, una majedwali matano yasiyojuana, na mama yule yumo katika yote matano kwa majina matano. Kukusanya ni kuvuna. Baze ni ghala, na ghala linahitaji mtu anayelala pale.

Kosa la tano. Hapa sina mzaha. Silabusi ina aya mbili tu juu ya usalama: neno la siri na nakala ya akiba. Nakubali, nakala ni muhimu, hasa kwetu ambako umeme unakuja ukitaka na ordinateri inaibiwa. Lakini kwa mkoa wetu kuna hatari nyingine. Listi ya majina, vijiji, simu na, Mungu atusaidie, kabila, ni kitu kinachoweza kuua. Majirani zetu waliona mwaka 1994 neno moja lililoandikwa kwenye kitambulisho lilivyofanya kazi kwenye vizuizi vya barabara. Mwaka 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, watu wenye uwezo na wataalamu, walitangaza kwamba wadukuzi waliingia katika data za watu zaidi ya 515,000, wengi wao wakiwa watu waliotenganishwa na familia zao kwa vita, uhamiaji au majanga. Kama hao waliingiliwa, fishie yako ya Excel isiyofungwa, inayozunguka WhatsApp na picha za wanawake waliobakwa, iko salama kwa nani?

Nchi yetu ina Kodi ya Numerike toka Machi 2023, na ndani yake kuna sehemu nzima juu ya data za watu binafsi. Tuseme ukweli, ni wangapi kati yetu wameisoma? Ila hata bila kuisoma, kanuni moja inatosha: usichukue usichohitaji. Ili kugawa maharagi sihitaji kabila la mtu. Mlango ukivunjwa usiku, na Bukavu tumeona milango ikivunjwa na ofisi zikiporwa, data ambayo hukuichukua haiwezi kuibiwa.

Kuna rafiki mmoja wa informatika nilimsomea haya, akanipinga. Alisema: "Weye unataka somo la maadili, hii ni somo la utangulizi. Mtoto ajue kwanza kutembea. Halafu Excel inatosha kwa nusu ya mashirika ya hapa." Sitamdharau, ana ukweli. Kikundi cha akina mama 30 wanaochanga pesa kila juma hakihitaji seva. Daftari lenye mistari iliyonyooka na sahihi ya kila mmoja ni bora kuliko programu ambayo kijana mmoja tu anaijua na kesho anaenda Kampala. Nimeona ofisi iliyonunua programu ya gharama, na kando ya ordinateri kuna daftari, na daftari njo watu wanaamini.

Lakini hapo njo naona silabusi inashindwa hata kwa kipimo chake rafiki yangu. Haimfundishi mtu kujua daftari linatosha wapi na linaishia wapi. Daftari linaishia pale watu wawili wanapohitaji kuandika kwa wakati mmoja. Pale jambo moja linapoanza kuandikwa mahali pawili. Pale unapotaka kujua nani alibadilisha nini, na lini. Pale mtu mmoja anaruhusiwa kuona namba za simu na mwingine haruhusiwi. Hayo si maadili, ni ufundi mtupu. Na ule mfano wa Dupont hauonyeshi hata moja, ju Dupont yuko peke yake, ana jina lisilobishaniwa na anwani yenye namba.

Mimi ningefundishaje? Siku ya kwanza bila ordinateri. Ningewatuma wanafunzi wawili wawili Kadutu au Panzi, waandikishe kaya 10 zilezile bila kuambizana. Wakirudi tunalinganisha. Kila jozi italeta majina tofauti, idadi tofauti ya watoto, hata kaya zitakuwa 9 au 11, ju hawakukubaliana kaya ni nini. Mke wa pili ni kaya? Mpangaji wa chumba cha nyuma? Siku ya pili tunabishana mpaka tukubaliane. Siku ya tatu tunatengeneza ufunguo: kila kaya inapewa kadi yenye namba, inayobakia mkononi mwao na si mwetu tu. Siku ya nne ndipo tunafungua ordinateri, tunajenga majedwali matatu: kaya, mashamba, ugawaji. Sasa mwanafunzi ataelewa kwa nini majedwali ni matatu na si moja, ju ameumia kwanza. Na kwa mtihani ningeuliza swali moja: "Namba ya simu imerudi mara tatu. Utafanya nini kabla ya kufuta?" Jibu ninalongoja si amri ya SQL. Jibu ni: nitaenda kuuliza.

Mama yule nilirudi kumwona msimu uliofuata. Nilimpelekea maharagi ya mfuko wangu, kilo chache, kwa aibu zaidi kuliko kwa wema. Alipokea, akashukuru, akaniuliza: "Sasa niko kwa liste?" Nikamwambia ndiyo. Ilikuwa kweli wakati huu, nilikuwa nimeangalia mara mbili.

Mdogo wangu nimemjibu hivi: mjue Dupont kwa ajili ya mtihani, halafu msahau.

Na sisi chama, tusicheke wengine. Listi yetu ya wanachama nimeiona katika namna nne, ya mwisho inaitwa "liste finale vrai". Kuna wenzetu wamelipa mchango mwaka mzima na hawamo, kuna mwingine ameandikwa mara mbili na kufiwa mara moja, tukachangia mara mbili. Napendekeza kwa komite: kila mwanachama apewe namba yake, mtu mmoja ashike ghala, wawili wakague kila baada ya miezi mitatu, na safu ya kabila na ya dini, ambayo sijui nani aliiweka, ifutwe leo. Mimi niko tayari kusaidia Jumamosi mbili. Tuanze na sisi wenyewe, ndipo tutakuwa na uso wa kumwandika mama wa watu.